Siku nchi inapofiwa na wewe uko zamu

Vuvuzela ilikuwa ya njano, imepasuka mdomoni na kuzungushiwa gundi ile ile tunayofungia maboksi ya abiria. Kijana mmoja wa mizigo aliingia nayo zamu ya usiku, Jumapili ya tarehe 11 Julai 2010, akaipuliza mara moja katika kantini ya wafanyakazi wa uwanja wa ndege wa Entebbe, Uganda, mpaka mama mpishi akamwinulia mwiko. Akaisukuma nyuma ya friji ya soda, akasema ataichukua Uholanzi ikishinda. Ilikaa pale hadi Septemba. Hakuna aliyeipuliza tena, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuitupa.

Binti wa mdogo wangu ameanza kazi uwanjani mwezi uliopita, kaunta ya abiria, pale pale nilipoanzia mimi. Juzi usiku alinipigia simu, katoka kuwasikiliza wakubwa wake wa kazi wakisimulia usiku wa mabomu ya Kampala. Akaniuliza, “Mama mkubwa, ikitokea siku kama ile na mimi niko zamu, nafanyaje?” Nikamjibu kama wanavyojibu watu wazima wenye usingizi: Mungu apishe mbali. Kulipokucha nikaona haya. Mtoto kauliza swali la kazi, mimi nimempa dua. Jibu lenyewe ni hili, na kwa kuwa wanaoingia kazi ile kila mwaka ni wengi, naliandika mahali ambapo yeyote atalisoma.

Mnijue kidogo kwanza. Nimezaliwa kambini, baba alikuwa askari, ndiyo maana Kiswahili kwangu ni lugha ya nyumbani katika nchi ambayo kwa miaka mingi ukikiongea ndani ya teksi watu walishika mikoba yao. Siku hizi ni lugha rasmi na watoto wanafundishwa darasani. Acheni nicheke kidogo. Uwanjani kilinilisha. Wakenya walikuja kwenye foleni yangu, wafanyabiashara wa Kongo walikuja kwangu, na askari waliokuwa wakienda Somalia waliniita “dada wa Kiswahili”. Nilifanya miaka zaidi ya ishirini katika kampuni moja ya kuhudumia ndege na abiria. Jina lake sitalitaja, maana kuna mambo humu yatakayowachoma, na waliokuwa wakubwa wakati ule wengine ni babu za watu sasa.

Usiku ule fainali ya Kombe la Dunia ilianza saa tatu na nusu kwa saa zetu, Hispania na Uholanzi, huko Johannesburg. Tulikuwa na ndege ya Ulaya ya kuondoka saa saba usiku, na abiria walikuwa wanakuja kwa vikundi, wengi wakitaka wamalizwe haraka wakatafute televisheni. Kila ukisikia kelele kantini unajua mpira umekaribia goli.

Bomu la kwanza lililipuka kwenye mgahawa wa Ethiopian Village, Kabalagala, saa tano kasoro dakika tano. Sisi habari ilitufikia kama habari zote zinavyofika uwanjani, kupitia dereva wa teksi. Alisimama mlangoni akasema dada yake anauza chipsi barabara ya Ggaba na amempigia akilia, mtungi wa gesi umelipuka kwenye hoteli ya Wahabeshi. Mtungi wa gesi. Tukasema bambi, pole yao, tukaendelea kufunga tiketi za mizigo.

Mbele yangu alikuwa mzee mmoja mwenye kaunda suti ya kijivu. Anakwenda kumtembelea mwanawe. Begi lake la kahawia lilikuwa limefungwa kwa kamba ya katani juu ya zipu, na kamba ile ilikuwa na mafundo matatu. Nakumbuka kwa sababu nilimwambia ikinaswa kwenye mkanda itatuletea matatizo, akaanza kuyafungua moja moja kwa kucha. Katikati ya fundo la pili simu yake ililia. Akasikiliza, akakata, akaniuliza taratibu, “Nnyabo, nasikia kuna mlipuko mjini. Ni wapi?”

“Kabalagala, ssebo.”

“Lugogo je? Binti yangu aliyenileta jioni amepitia Lugogo, kuangalia mpira na wenzake.”

Nikamwambia, “Lugogo kuko shwari, mzee wangu. Wewe nenda ukapande ndege.”

Sikuwa najua lolote kuhusu Lugogo. Sikuwa nimemuuliza mtu, wala mtu hakuwa ameniambia. Nilichokijua ni Kabalagala tu, na hata hicho nilikijua kama mtungi wa gesi. Lakini mzee alikuwa ananitazama, mafundo yako mkononi mwake, foleni nyuma yake inasogea, na mimi nikataka kumpa kitu kizuri aondoke nacho. Akashukuru. Akachukua kadi yake ya kupandia ndege akapanda ngazi.

Dakika chache baadaye, mpira ukiwa unakaribia kumaliza dakika tisini, mabomu mawili yakalipuka Kyadondo, uwanja wa raga, pale pale Lugogo.

Kwa hiyo, mwanangu, ushauri wangu wa kwanza ndio huu, na kama una nafasi ya kushika mmoja tu basi shika huu: usimpe mtu faraja usiyo nayo. Kuna namna ya kusema “sijui” bila kumfukuza mtu. Mimi nimeifanyia mazoezi tangu mwaka ule. Unasema unachokijua, umekisikia kwa nani, na saa ngapi. “Nimesikia kumelipuka Kabalagala, nimeambiwa na dereva wa teksi, kama dakika kumi zilizopita. Lugogo sijui. Kaa hapa nikuulizie.” Saa ni muhimu kuliko unavyodhani. Habari ya saa tano na ya saa tano na nusu usiku ule zilikuwa habari mbili tofauti kabisa, na mtu aliyeambiwa saa anajua mwenyewe kwamba habari hiyo inachacha.

Tena usiseme “nadhani”. Hilo sikulitunga mimi. Tulikuwa na mzee wetu mmoja, upande wa mizigo mizito, aliyeanza kazi enzi za Shirika la Ndege la Afrika Mashariki kabla halijavunjika mwaka 1977. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba uwanja ule una siku zake. Ukipita karibu na jengo la zamani alikuonyesha matundu ya risasi kwenye mnara, ya Julai 1976, makomando wa Israeli walipokuja kuwaokoa mateka. Machi 2009, ile ndege ya mizigo, Ilyushin, iliyokuwa inakwenda Mogadishu ilipotumbukia ziwani alfajiri na watu 11, muda mfupi tu baada ya kuruka, wote wakafa, yeye ndiye aliyetukataza kubahatisha majina kwenye kantini. Lakini siku aliyoizungumza kwa sauti ya chini ilikuwa Jumatatu, tarehe 17 Oktoba 1988.

Boeing 707 ya Uganda Airlines ilikuwa inatoka London Gatwick kuja nyumbani kupitia Roma. Roma kulikuwa na ukungu mzito. Marubani walijaribu kutua mara mbili wakashindwa, na mara ya tatu ndege ikashuka chini ya kiwango kabla hawajauona uwanja, ikagonga mapaa ya nyumba karibu na Fiumicino. Kwetu ilikuwa usiku wa manane. Asubuhi jamaa za abiria walianza kufika Entebbe kuwapokea watu wao kama kawaida, wengine wamevaa nguo za kanisani. Ndani walikuwa 52. Waliokufa ni 33.

Sasa piga hesabu alizozipiga yule mzee. Waliopona ni 19. Kama wote wangekufa, habari ingekuwa moja, ya kuua, lakini moja. Kumi na tisa wakiwa hai, kila jamaa aliyesimama pale alikuwa na haki ya kuamini kwamba wake ni mmoja wa wale. Mzee alisema watu walimfuata yeyote aliyevaa sare, hata yeye wa mizigo ambaye hakuwa wa kampuni ile na hakuwa na karatasi yoyote. Mama mmoja alimshika mkono akamtajia jina la mumewe. Mzee akamwambia, “Nadhani huyo yuko kwenye waliopona.” Aliwahi kusikia jina linalofanana na hilo. Basi.

Hakutuambia ikawaje kwa yule mama, na sisi hatukuuliza. Alisema tu kwamba “nadhani” yako wewe, mtu aliyefiwa anaisikia kama “najua”. Na kwamba orodha ya majina si watu: kuna aliyekata tiketi akaghairi, kuna aliyepanda dakika za mwisho, kuna majina mawili yanayolingana hadi herufi. Kama huna karatasi mkononi, iliyotoka kwa mwenye mamlaka, huna jina.

Nilikuwa nimemsikia akisema hayo labda mara kumi. Na bado nikamwambia mzee wa kaunda suti kwamba Lugogo kuko shwari. Ndiyo maana naandika. Kusikia peke yake hakutoshi. Fanya mazoezi ya maneno yenyewe, kwa sauti, jikoni kwako.

Habari ya Kyadondo ilipofika sikumngoja msimamizi. Nilimwachia mwenzangu kaunta, nikapanda juu. Nilimkuta yule mzee wa kaunda suti amekaa kwenye viti vya mwisho karibu na dirisha, simu sikioni. Mtandao ulikuwa umelemewa, kila mtu Kampala alikuwa anampigia kila mtu. Nikapiga magoti mbele yake, kama anavyopiga magoti mtoto wa Kiganda kwa mkubwa wake, ingawa mimi si Mganda. Nikamwambia: mzee, nilikwambia jambo nisilolijua. Kumelipuka Lugogo pia. Binti yako sijui lolote kuhusu yeye. Ukitaka kushuka nitakushusha.

Hakunigombeza. Alisema, “Begi langu?”

Wageni wa kazi hii hawajui, lakini abiria asiposafiri begi lake halisafiri. Haijalishi kuna msiba. Usiku ule hasa ndiyo lisingesafiri kabisa. Na begi lilikuwa limeshashuka chini, limeshapakiwa ndani ya kontena pamoja na mengine mengi, na makontena mawili tayari yalikuwa tumboni mwa ndege. Nikaita kwenye redio. Aliyeitikia alikuwa yule kijana wa vuvuzela. Nikamsomea namba ya tiketi ya begi, akairudia, nikamwambia kahawia, kamba ya katani. Akasema sawa.

Ilimchukua zaidi ya nusu saa. Alifungua kontena moja, akatoa begi moja moja kwa tochi, akarudisha. Akafungua la pili. Mimi nilikuwa juu naona kwa kioo, taa yake inapanda na kushuka. Rubani anauliza, mnara unauliza, msimamizi anauliza, na yule kijana hajibu redio, anatoa mabegi. Nilimkasirikia. Nilimwona mzembe. Alipolileta hatimaye, kamba ilikuwa imebaki na fundo moja. Alilikabidhi kwa mikono miwili, akasema “Kitalo, mzee”, yaani pole kwa msiba, akarudi chini.

Saa kumi alfajiri ndipo tulipojua kwamba mdogo wake mwenyewe alikuwa Kyadondo, na kwamba simu ya mdogo wake ilikuwa inaita bila kupokelewa muda wote ule alioshika tochi.

Hapa nina neno kwa wanaosimamia zamu, si kwa binti yangu peke yake. Habari kubwa ikifika, kabla hujagawa kazi, pita kwa kila mtu umuulize swali moja: una mtu wako huko? Inachukua dakika mbili. Hatukuulizwa. Kulikuwa na amri ya kuacha simu kwenye kabati, amri nzuri siku za kawaida, na usiku ule msimamizi wetu aliishikilia kama msumari ukutani. Watu walikuwa wanahudumia abiria huku simu zao zinaita ndani ya makabati ya chuma. Unasikia mtetemo, gr-gr-gr, hujui ni ya nani. Ningekuwa mimi, ningeweka simu zote mezani, sauti juu, na mtu mmoja wa kuzipokea na kuandika. Asiye na mtu huko ndiye akae kaunta. Mwenye mtu huko mpe kazi ya mikono ikiwa mwenyewe anaitaka, au mwache akae. Lakini umuulize. Wapo wanaotaka kubeba mizigo usiku kama ule, na wapo ambao ukiwaacha na mzigo utawavunja, na huwezi kuwajua kwa kuwatazama.

Mengine ya usiku wenyewe nayapitia haraka. Kuleni. Mama mpishi alichemsha chai ya maziwa saa nane akaipeleka kaunta mwenyewe, jambo lililokatazwa, na ndiyo iliyotusimamisha. Usimwache mtu aende nyumbani peke yake asubuhi. Gari la wafanyakazi lilitupitisha Kajjansi na Zana kimya kimya, na tulimsindikiza kila mtu hadi mlangoni hata walioishi karibu. Televisheni izimwe au apewe mtu mmoja wa kuitazama. Goli la Iniesta mimi nililiona siku tatu baadaye, kwenye duka la simu, na nilishangaa kwamba kulikuwa na mshindi.

Jumla ya waliokufa ilikuja kuwa 74. Al-Shabaab walisema ni wao, kwa sababu ya majeshi yetu yaliyokuwa Somalia. Serikali ikatangaza wiki ya maombolezo, na bendera zikashushwa nusu mlingoti.

Na asubuhi ya Jumatatu, unajua nilichoulizwa ofisini? Ndege imechelewa dakika hamsini, nani alaumiwe. Kila ucheleweshaji una tarakimu mbili za kuandika kwenye ripoti: mvua ina zake, mizigo ina zake, abiria aliyepotea ana zake. Bosi alinipa kalamu niandike. Nikaitafuta kwenye ile orodha tarakimu ya jambo lililotokea, sikuiona. Nikaandika ya abiria aliyeshuka mwenyewe, na nikapewa onyo kwa kuacha kaunta. Barua ile ninayo. Ushauri wangu hapa ni mdogo na wa kikazi: siku hiyo hiyo, kabla hujalala, andika yako. Karatasi ya daftari, saa na tukio, bila maneno mengi. “Saa tano na dakika thelathini na moja nimeacha kaunta kwa fulani.” Miaka miwili baadaye, lilipozuka suala la cheo changu, karatasi yangu ya daftari ndiyo iliyonitetea.

Wiki zilizofuata ndizo zilizonitafuna, na hizi watu hawazisimulii. Baada ya siku nane tu mkutano wa Umoja wa Afrika ukaanza Munyonyo, na siku za mwisho za Julai marais wakawa wanashuka kwetu mmoja baada ya mwingine. Mbwa wa kunusa, vizuizi kuanzia barabarani, zamu mbili mbili. Hakuna aliyelala, hakuna aliyelia. Tuliona fahari pia, nisiwe mnafiki: walisema Kampala haitaweza, ikaweza.

Lakini wakati huo huo niliona jambo lililoniuma. Mama mmoja wa Kisomali anayeishi Kisenyi, ana watoto watatu, tiketi zake safi, pasi zake safi. Alitolewa kwenye foleni mara tatu kabla hajafika kwangu. Mara tatu watoto walivua viatu. Alipofika aliniamkia kwa Kiswahili kizuri kuliko changu, akaniambia, “Dada yangu, hata mimi jirani yangu amefia kule.” Abiria wa nyuma yake, mtu mzima mwenye tai, akaguna akasema hawa ndio hao. Nilimtazama yule mwenye tai na nikawahudumia watoto taratibu, taratibu sana, hadi akachoka kusimama. Sijuti. Mwanangu, kagua begi, usikague jina. Ukaguzi ufuate utaratibu, ule ule kwa kila mtu, na ukimwona mwenzako anautumia kutoa hasira yake, mpokee foleni yake kwa upole umpe nafasi akanywe maji. Anaomboleza vibaya, lakini anaomboleza.

Kwangu mimi mwili ulingoja wiki tatu. Jamaa walikuja kumpokea bibi harusi na maputo, puto moja likapasuka karibu na mlango wa wanaowasili. Nilijikuta nimechuchumaa chini ya kaunta, tiketi ya mzigo imenata kwenye kiganja, na abiria ananiuliza kwa juu juu kama nimeangusha kitu. Nikasema ndiyo, nimeangusha kalamu. Nilisema hivyo kwa mwaka mzima. Kalamu. Kama ningepata mtu wa kuniambia kwamba hili huja baadaye, baada ya kila mtu kudhani yamekwisha, ningeomba siku zangu za mapumziko mapema badala ya kuziomba nimeshavunjika. Omba mapema. Nenda kwa daktari useme ukweli, usiseme malaria.

Wanaume wa zamu yetu walisema malaria. Wawili walihamia kwenye chupa. Mmoja aliomba ahamishwe zamu za mchana na hakuwahi kusema kwa nini.

Ilituchukua miaka saba kukaa pamoja. Wazo lilikuwa la mama mpishi. Alistaafu, ana nyumba Kitoro, akatuma ujumbe: tarehe kumi na moja njooni nyumbani, kuna chai na karanga, hakuna hotuba. Tulikuja sita mwaka wa kwanza. Sasa tunafika hata kumi na tano, na vijana wanaokuja kusikiliza.

Kama mnataka kufanya lenu, kwa siku yenu yoyote ile, sisi tumejifunza haya kwa kukosea. Kila mtu asimulie alichokiona kwa macho yake, pale alipokuwa amesimama. Mwaka wa pili mmoja wetu alisimulia ya Kyadondo kana kwamba alikuwepo, kila kitu alikisoma gazetini, na waliokuwa na watu wao kule walinyamaza kabisa hadi chai ikapoa. Asirekodi mtu bila kuomba. Na msisahihishane hapo hapo, hata mwenzako akikosea wazi. Mimi kwa miaka nilisimulia kwamba usiku ule mvua ilikuwa inanyesha, niliona maji kwenye kioo nilipokuwa natazama ile tochi. Mwenzetu wa upande wa hali ya hewa alininyamazia, kisha siku nyingine akanipigia kwa faragha: dada, haikunyesha. Nikaenda kwenye karatasi yangu ya daftari. Haina mvua. Basi maji yale yalikuwa ya wapi, kila mtu aliyekuwa pale anajua, nami sasa najua.

Habari za binti wa mzee wa kaunda suti sikuzipata. Alipanda gari lililokuwa linarudi Kampala, begi mapajani, na kazi yetu ndivyo ilivyo, mtu anapita mlangoni anakuwa si wako tena. Nilikuwa sijawahi kumsimulia mtu kwamba mimi ndiye niliyemwambia Lugogo kuko shwari. Nilisimulia begi, nilisimulia bosi, nilisimulia barua ya onyo. Mwaka jana Kitoro nikasema na hilo.

Kimya kikapita. Yule kijana wa mizigo, ambaye sasa ana mvi, alikuwa amekuja na mdogo wake. Alimpata hospitali ya Mulago Jumatatu ile mchana, amefungwa bandeji kichwa kizima, sikio la kushoto halijasikia tangu siku hiyo. Kijana akaweka kikombe chini, akasema, “Nne, mbili, saba, moja.”

Sikumwelewa.

“Begi la mzee wako. Tarakimu za mwisho. Nilikuwa nazisema mdomoni muda wote, nne mbili saba moja, nne mbili saba moja. Ulikuwa unaniita kwenye redio, nakusikia. Nikifungua mdomo kukujibu ningetaja jina la huyu.”

Mdogo wake alikuwa amekaa kuliani kwake, sikio bovu upande wa kaka yake. Akageuka akatuuliza, “Anasema nini?”

Mama mpishi akainuka akamwongezea chai.